Nani Atalipia Utulivu wa Mifereji?

Mwaka 1860 Ireland ilikamilisha mfereji wa kuunganisha mto Shannon na maziwa ya Erne. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi na kumeza fedha nyingi za umma, lakini ilipokwisha reli zilikuwa zimeshachukua mizigo. Kumbukumbu zinataja boti nane tu zilizolipa ushuru wa kupita humo kabla mfereji haujatelekezwa, yapata miaka tisa baadaye. Magugu yakaufunika kwa zaidi ya karne moja. Kisha mwaka 1994 ukafunguliwa upya, kilomita 63 zenye loki 16 zinazoendeshwa kwa vitufe na kadi. Mara hii hakuna aliyetaja shehena. Ulifufuliwa kwa ajili ya watu walio likizo, tena katika eneo la mpaka wa Ireland mbili ambako wakati huo askari walikuwa bado wanasimamisha magari barabarani. Leo unasimamiwa na Waterways Ireland, chombo cha pamoja cha pande zote mbili kilichoanzishwa mwaka 1999 kutokana na mapatano ya amani ya mwaka uliotangulia, na boti za kukodi huvuka mpaka huo bila aliyeshika usukani kuutambua.

Kwa nini serikali itumie mamilioni kufufua njia ya maji ambayo sifa yake kubwa ni kwamba hukutani na mtu? Na je, njia ya namna hiyo inaweza kudumu? Ulaya ina maelfu ya kilomita za mifereji na mito iliyochimbwa au kurekebishwa ili kubeba makaa ya mawe, nafaka, kuni na divai, ambayo leo haibebi chochote ila watu waliopumzika. Baadhi ya njia hizo hufurika wakati wa kiangazi. Nyingine, zilizo mbali na miji mikubwa na viwanja vya ndege, hupitisha boti chache tu kwa siku. Hizo za pili ndizo ninazozizungumzia hapa. Wanaozijua wanazipenda kwa dhati, kampuni za kukodisha boti zinauza ukimya wake, na wakati huohuo ndizo zitakazofungwa kwanza fedha zikipungua. Naamini kwamba utulivu huo hauwezi kujilipia, na wapenda boti peke yao hawatauokoa. Utabaki pale tu ambapo mfereji utahesabiwa kuwa mali ya umma yenye watumiaji wengi, na wengi wao hawapandi boti kabisa.

Kwanza tuitazame likizo yenyewe. Familia inakodi boti kwa wiki moja, yenye vitanda, jiko, choo na bafu. Kwa boti za kukodi za kawaida, Ireland, Uingereza na Ufaransa hazidai cheti cha unahodha. Mfanyakazi wa kampuni anakaa nanyi kitambo, anawaonyesha usukani, injini, kamba na namna ya kupita kwenye loki, kisha anashuka na mnabaki wenyewe. Kwenye mifereji ya Uingereza mwendo wa juu ni maili nne kwa saa, yaani kilomita sita na ushei, na mifereji mingi ya Ufaransa inakaribiana na hapo. Mtu anayetembea ukingoni anaweza kuongea na aliye botini kwa nusu saa nzima. Ukisonga kilomita 20 kwa siku umefanya safari ndefu.

Loki ndiyo moyo wa safari. Ni chumba cha mawe au matofali kilichojengwa ndani ya mfereji pale ardhi inapopanda au kushuka, chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Boti ikiingia kutoka upande wa chini, watu wawili wanasukuma boriti ndefu ya mlango kwa migongo yao, miguu imekazwa kwenye matofali yaliyoinuka kidogo ili mtu asiteleze. Mlango ukishafungwa, mmoja anachomeka mpini wa chuma kwenye gurudumu la meno na kuuzungusha, kilango kilicho chini ya maji kinainuka, na maji yanaingia kwa kishindo. Boti inapanda polepole. Ukuta mweusi wenye utelezi unazama mbele ya macho, nyasi za ukingoni zinatokeza, halafu uso wa mtu aliyesimama akisubiri zamu yake. Mngurumo unapokoma, mlango wa mbele ambao dakika moja nyuma usingesogezwa na wanaume sita unafunguka kwa kusukumwa na mtoto wa miaka kumi. Hakuna umeme wala injini iliyohusika. Maji ya pande mbili yamelingana, basi.

Nimeeleza hayo kwa kirefu kwa sababu mvuto wa likizo hii mara nyingi hutafsiriwa kama uvivu wa kukaa na kutazama mashamba. Mtu aliyepita loki kumi kwa siku hawezi kukubali. Kinachowavuta watu ni kazi yenye kipimo, inayohitaji mikono ya kila mmoja, isiyoweza kuharakishwa na yeyote hata awe na fedha kiasi gani. Mkubwa anashika usukani, kijana anatangulia kwa baiskeli kuandaa loki inayofuata, mtoto anatunza kamba. Kwenye Canal du Nivernais huko Burgundy, mtunza loki hufunga kazi saa sita mchana akale, na boti zote husubiri mpaka arudi. Wageni hununa siku ya kwanza. Siku ya tatu nao wanatandika meza.

Njia hizi zisingekuwapo leo kama zingeachiwa soko tangu mwanzo. Mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley hadi Manchester, uliteremsha bei ya makaa mjini humo kwa karibu nusu, na kila mwenye fedha akataka mfereji wake. Wengi walipunguza gharama kwa kujenga loki zenye upana wa mita mbili na kidogo tu, na ndiyo maana boti za huko hadi leo ni nyembamba mithili ya behewa. Reli zikaja, kisha malori. Mwaka 1948 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mtandao. Majira ya baridi ya 1962 na 1963 yakagandisha mifereji kwa majuma mengi, na wateja waliohamia barabarani wakati ule hawakurudi.

Uhai wa pili ulianza kabla ya hapo, kwa kitabu. L.T.C. Rolt, mhandisi wa mitambo aliyehamia kwenye boti yake Cressy mwaka 1939, alichapisha Narrow Boat mwaka 1944, katikati ya vita. Kilimfikia Robert Aickman, mwandishi wa hadithi, na mwaka 1946 wakaanzisha pamoja na wenzao Inland Waterways Association kupigania mifereji isifukiwe. Baada ya miaka michache wakagombana vibaya, na mwaka 1951 Rolt akafukuzwa katika chama alichokianzisha. Kiini cha ugomvi hakijafa. Aickman alishikilia kwamba kila maili ya mfereji iokolewe, pasipo kuchagua. Rolt na wenzake waliona nguvu chache zilizopo zielekezwe penye matumaini, na kwamba watu wa boti za mizigo na utamaduni wao walikuwa na haki ya kutangulizwa mbele ya watu wa matembezi ya starehe.

Kwa miongo kadhaa historia ilionekana kumpa haki Aickman. Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1968 ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba baadhi ya mifereji itunzwe kwa ajili ya burudani. Huko Manchester, mfereji wa Ashton ulikuwa jalala. Mwaka 1968, na tena mwaka 1972, mamia ya watu wa kujitolea walimiminika kwa wikiendi moja moja, wakashuka ndani na makoleo na kutoa maelfu ya tani za takataka, magodoro, vyuma na matofali. Mwaka 1974 boti zikapita tena. Baadaye ikafuata Kennet na Avon mwaka 1990, Huddersfield mwaka 2001 na handaki lake la zaidi ya kilomita tano, na Rochdale mwaka 2002. Mwaka huohuo Scotland ilifungua gurudumu la Falkirk, mtambo unaozunguka ukiwa umebeba boti na maji yake na kuziunganisha tena njia mbili zilizokuwa zimekatika. Mifereji ya Uingereza leo ina boti nyingi kuliko zilizokuwapo wakati wa mapinduzi ya viwanda: Canal & River Trust, asasi ya hisani inayosimamia yapata kilomita 3,200 za England na Wales tangu mwaka 2012, hutoa leseni kwa boti zipatazo 35,000.

Idadi hiyo inadanganya. Boti hazikusambaa sawasawa, na nyingi si za likizo. London pekee ina maelfu ya boti ambazo ni makazi ya watu walioshindwa kodi za nyumba. Sheria inawataka wasio na maegesho ya kudumu wasikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, hivyo husogea kutoka daraja moja hadi jingine mwaka mzima. Nina huruma nao, na wana haki yao majini, lakini kuwahesabu kama ushahidi kwamba likizo za boti zimenawiri ni kujidanganya. Wenye likizo nao hujazana kwenye njia zilezile: Llangollen, kwa sababu ya daraja la Pontcysyllte lililokamilika mwaka 1805, linalobeba mfereji mita 38 juu ya mto Dee huku upande mmoja hauna hata ukuta wa kushika, na kusini mwa Ufaransa, Canal du Midi.

Hii ya Midi ni kazi ya ajabu. Pierre-Paul Riquet alianza kuijenga mwaka 1666 na ikakamilika mwaka 1681, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi wangwa wa Thau karibu na Bahari ya Mediterania, na mwaka 1996 UNESCO ikaiweka katika Urithi wa Dunia. Watu huenda pale kwa ajili ya kivuli cha mistari ya miti ya mipleni, yapata 42,000, iliyopandwa kingoni. Mwaka 2006 kuvu unaoua miti hiyo ulionekana kwenye mfereji. Inaaminika uliingia Ufaransa na masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia. Kuvu huo husafiri majini, na huingia kwenye mti kupitia jeraha lolote. Boti inayogonga ukingo na kukwaruza mizizi, au inayofungwa kamba kwenye shina, huufungulia mlango. Makumi ya maelfu ya miti imekatwa, na aina nyingine zinapandwa badala yake. Sisemi kwamba watalii ndio walioua mipleni, maana kuvu ungetembea na mkondo hata bila wao, lakini msongamano ulizidisha majeraha, na sehemu ndefu zimebaki na jua kali pale palipokuwa na kivuli kilichowaleta wageni.

Ndiyo maana sifa ya njia tulivu imepanda. Anayeujua mto Lot, uliofunguliwa tena kwa boti karibu na Cahors mwanzoni mwa miaka ya 1990, hukaa asubuhi nzima chini ya majabali meupe bila kusikia injini nyingine. Nivernais, uliojengwa kwa ajili ya kupeleka kuni za Morvan hadi Paris, una kilomita 174 na loki zaidi ya 110, na wingi huo wa loki huwafukuza wenye pupa. Kaskazini ya Ireland kuna ziwa la Erne lenye visiwa vingi vya misitu na gati ndogo ambako boti moja ikifunga usiku imemiliki kisiwa. Ujerumani ilifanya jambo la busara zaidi kuliko wote. Baada ya nchi kuungana mwaka 1990, maziwa ya Mecklenburg, likiwamo Müritz lenye kilomita za mraba 117, yalikuwa tupu kwa upande wa utalii wa boti, na sheria ya Ujerumani ilidai leseni. Mwaka 2000 serikali ikaruhusu, kwenye maeneo maalumu, mtu akodi boti baada ya mafunzo ya muda mfupi tu. Kanuni moja ikawahamisha watu kutoka njia zilizojaa kwenda zilizo tupu, pasipo kuchimba hata mita moja ya mfereji mpya.

Kuna utulivu wa namna nyingine, usiotangazwa kwenye vipeperushi. Birmingham ina kilomita zipatazo 160 za mifereji. Katikati ya mji ni mikahawa na umati. Ukielekea kaskazini kwenye mfereji wa Wyrley na Essington, unaojipinda kufuata mwinamo wa ardhi bila loki, unaweza kusafiri siku nzima usikutane na boti inayotembea. Msomaji mwenye ndugu Walsall au Wolverhampton huenda amepita juu ya madaraja yake bila kuangalia chini. Maji yenyewe ni maangavu kuliko yanavyodhaniwa, samaki wapo, korongo wa kijivu wamesimama kila baada ya hatua mia. Lakini mara kwa mara injini inakohoa na boti inapoteza nguvu. Nahodha anaizima, anainua ubao wa sakafu nyuma ya boti, anafungua kifuniko cha kisanduku kilicho juu ya rafadha, anatumbukiza mkono hadi begani kwenye maji ya baridi, na kwa kisu anaanza kukata kilichojisokota: mfuko wa plastiki, waya, na mara nyingine sari nzima au zulia. Hiyo ni gharama ya kupita mahali ambapo hapapitiwi.

Na hapo ndipo penye mtego. Njia ya maji isiyopitiwa haibaki ilivyo. Rafadha za boti husukuma tope pembeni na kuweka mkondo wazi. Zikikosekana, tope linatulia na kina kinapungua. Mbao za milango ya loki zikikaa kavu hunywea na kufungua nyufa. Mimea inaziba. Uingereza inapambana na mmea vamizi kutoka Amerika unaoelea na kufunga mfereji kutoka ukingo hadi ukingo kwa majuma machache. Watu wa Kisumu na Mwanza, waliokwishaona gugu maji likifunga bandari, hawahitaji maelezo. Kadiri boti zinavyopungua ndivyo safari inavyokuwa ngumu, na kadiri inavyokuwa ngumu ndivyo boti zinavyopungua. Kampuni ya kukodisha inafunga kituo chake. Baada ya hapo mhasibu anauliza kwa nini milango ya loki, ambayo hudumu miaka 25 hivi, ibadilishwe mahali ambapo hakuna mteja. Utulivu unaotafutwa na wasafiri ni hali ya katikati, yenye boti za kutosha kuuweka mfereji hai na chache kiasi cha kutosikika, na hali hiyo haijishikilii yenyewe.

Kisha kuna maji. Mfereji unaovuka mlima una kilele, na kila boti inayopanda na kushuka huteremsha maji kutoka kileleni. Loki moja nyembamba ya Uingereza hutumia zaidi ya lita laki moja kila inapojazwa. Maji hayo hutoka kwenye mabwawa, mengi yakiwa na umri wa karne mbili. Agosti 2019 mvua kubwa ilibomoa sehemu ya njia ya kumwagia maji ya bwawa la Toddbrook, juu ya mji wa Whaley Bridge, na watu wapatao 1,500 wakahamishwa huku helikopta zikidondosha magunia ya mawe kuziba pengo. Bwawa likashushwa maji, na mifereji iliyolitegemea ikabaki na upungufu. Mwaka 2025 England ilipata majira ya kuchipua makavu kuliko yote kwa zaidi ya karne. Tangu Mei sehemu ndefu ya mfereji wa Leeds na Liverpool ilifungwa, na wakati wa kiangazi njia nyingine nyingi za kaskazini na kati zikafuata. Ufaransa ilikuwa imeonja hayo mwaka 2022, pale mamia ya kilomita yalipofungwa kwa ukame. Kwa mwenye kampuni ndogo, kufungwa Julai ni kupoteza mwaka mzima.

Wanaodhani kwamba tishio kubwa kwa likizo hizi ni mabadiliko ya ladha ya vijana wanakosea. Ladha ipo. Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, Waingereza walipozuiwa kusafiri nje, boti za kukodi zilijaa. Bei ni kikwazo cha kweli, kwa sababu boti ya familia kwa wiki moja ya kiangazi hupita pauni elfu moja kwa urahisi, na kwa wengi ndege ya kwenda Uhispania ni nafuu. Lakini bei hukua pale ambapo msimu ni mfupi na usio na uhakika. Ukiweza kuhakikisha maji, umeshusha bei.

Tukija kwenye fedha, Canal & River Trust ilipoanza mwaka 2012 ilipewa ruzuku ya serikali ya miaka 15. Mwaka 2023 serikali ilitangaza ruzuku mpya ya pauni milioni 400 kwa miaka kumi kuanzia 2027, na asasi yenyewe ikasema kwamba, ukizingatia kupanda kwa bei, hilo ni punguzo la zaidi ya pauni milioni 300. Leseni na maegesho ya boti hayawezi kuziba pengo hilo. Ada zimepandishwa, wakazi wa botini wamelalamika kwa haki, na bado boti 35,000 haziwezi kutunza mabwawa, madaraja, mahandaki na kingo za kilomita 3,200. Zaidi ya hayo, ukipandisha ada mno, wa kwanza kuacha ni yule mstaafu ambaye boti yake ndiyo pekee inayopita kwenye mfereji wa pembezoni.

Anayefaidika zaidi na mfereji hana boti. Ni mama anayesukuma kigari cha mtoto kwenye njia ya kando, njia iliyokanyagwa zamani na farasi waliovuta majahazi. Ni mvuvi wa Jumapili, mwendesha baiskeli anayekwenda kazini, mzee aliyeambiwa na daktari atembee. Ni mamilioni, na wanapita bure. Sitaki watozwe hata senti. Lakini kinachofanya njia yao ipendeze ni maji yaliyo hai pembeni mwake, na kinachoweka maji hai ni boti inayopita mara moja moja. Boti inamtumikia mtembea kwa miguu, na hesabu za umma hazijalitambua hilo vya kutosha.

Bretagne wamekwenda mbele katika hili. Mfereji wa Nantes hadi Brest, kilomita 364, ulikatwa vipande viwili na bwawa la umeme la Guerlédan lililokamilika mwaka 1930, na kama barabara ya boti haujapona. Hata hivyo mkoa uliuchukua mikononi mwake kutoka serikali kuu, kingo zikafanywa njia ya baiskeli inayojulikana Ulaya nzima, na nyumba nyingi za watunza loki zikapata matumizi mapya. Boti za kukodi ni chache, lakini ukingo umejaa watu wenye kura, na diwani akitaka kufyeka bajeti ya milango ya loki atawajibu hao. Sina mfano ninaouamini zaidi ya huo. Njia tulivu inahitaji wenyeji wanaoiona kuwa yao kabla ya kuhitaji wageni.

Jambo moja linalonipa matumaini ni umeme. Boti ya mfereji, kwa kuwa inakwenda polepole, hutumia nguvu ndogo mno: kilowati tatu hadi tano zinatosha kuisukuma boti nyembamba yenye uzito wa tani nyingi kwa mwendo wa kawaida. Gari la umeme hupambana na kasi. Boti haina pambano hilo. Kwenye Norfolk Broads, maziwa yaliyotokana na mashimo ya kuchimba mboji ya kuwashia moto enzi za kati, boti za umeme za kukodi kwa saa ni jambo la kawaida, na Friesland huko Uholanzi ina njia zilizotengwa kwa boti zisizo na kelele. Kuondoa mtetemo wa dizeli chini ya miguu hubadilisha safari kuliko anasa yoyote. Ugumu ni kwamba sehemu za kuchajia hujengwa kwanza penye watu, na mfereji wa pembezoni, unaostahili ukimya huo kuliko wote, utapata wa mwisho.

Je, haya yanahamishika kuja kwetu? Kwa umbo lake, hapana. Mto Rufiji hubadilisha mafungu yake ya mchanga kila masika, una viboko na mamba, na tangu Desemba 2022 mtiririko wake wa chini unategemea bwawa la Julius Nyerere. Huwezi kumkabidhi mgeni usukani kwa mafunzo ya nusu saa. Kwenye ziwa Kariba boti za kulala hukodishwa pamoja na nahodha na wahudumu, na hilo ni sahihi, maana anayeyajua maji ndiye anayelipwa. Kilicho karibu zaidi na mfereji wa Ulaya ni Bunyonyi huko Kabale, Uganda, ziwa lenye visiwa, lisilo na mamba wala kiboko, ambako watu huvuka kwa mitumbwi ya gogo. Pale ningependa injini zidhibitiwe mapema, kabla ya mtu kuleta boti za kasi na kusema anakuza utalii.

Turudi Ulaya, kwenye swali la Aickman na Rolt. Siamini tena kwamba kila maili inaweza kuokolewa kwa namna ileile. Pale njia tulivu inapounganishwa na nyingine kufanya mzunguko, iokolewe kwa boti, kwa sababu wakodi wanapenda kuzunguka pasipo kurudi walikopita. Kufunguliwa kwa Ashton kulikamilisha mzunguko wa Cheshire, na mzunguko huo ukajaza mfereji uliokuwa jalala. Ireland inafanya vivyo hivyo polepole na mfereji wa Ulster, ambao inakusudiwa siku moja uunganishe tena Erne na ziwa Neagh. Pale njia inapoishia gizani, bila kuungana na kitu, hoja ya boti peke yake haitoshi, na hapo ndipo uaminifu wa serikali utapimwa.

Kipimo kigumu kipo Wales sasa hivi. Mfereji wa Monmouthshire na Brecon una kilomita 56 zinazopitika kwenye ubavu wa milima ya Bannau Brycheiniog, loki sita tu, na haujaungana na njia nyingine yoyote. Wengi wanauhesabu kuwa mzuri kuliko yote ya Uingereza. Kwa miaka mia mbili umekunywa maji ya mto Usk bila kuulizwa. Kanuni za sasa za kuchota maji, zilizowekwa kulinda samaki wa mto huo, wakiwamo salmoni, zinauzuia kuchukua mengi wakati wa ukame, na mwaka 2025 wasimamizi walilazimika kununua maji kutoka shirika la maji la Wales ili mfereji usikauke. Mto una haki. Salmoni hawana pa kwenda, na sitamtetea mwenye boti dhidi yao. Lakini mfereji nao hauna kuku-ziwa peke yake. Una vijiji vinavyoishi kwa wageni wake, na njia ya kando inayotembewa mwaka mzima. Bili ya maji ya miezi ya kiangazi ilipwe na umma wa Wales, kama unavyolipia barabara za milimani zinazopita magari machache, na kabla ya kuuomba mto utoe zaidi wasimamizi wazibe kwanza kingo zinazovujisha maji ambayo mfereji tayari unayo.